Sauti kubwa hudanganya: niliyojifunza kwa kumiksi chumbani

Kijana akija kwangu kutaka kujifunza kumiksi, yaani kuunganisha vokali (sauti ya mwimbaji) na ala ziwe wimbo mmoja, kwanza namchezea ubeti mmoja mara mbili. Namwambia mara ya pili nimeweka ikwalaiza, kifaa cha kupandisha au kupunguza sehemu fulani ya sauti, kama besi. Anasikiliza, anatikisa kichwa, anasema, "Hii ya pili imefunguka, kaka. Vokali imekaa mbele." Namgeuzia skrini: ikwalaiza imezimwa mara zote mbili. Kilichobadilika ni feda tu, kile kitelezi cha ukubwa wa sauti: imepanda desibeli moja na nusu, basi.

Kiasi hicho ni kidogo mno kwa sikio kusema "sauti imeongezeka". Linachosema ni "imependeza". Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell, Marekani, walipima jinsi sikio linavyosikia na kuchapisha matokeo yao mwaka 1933: muziki ukichezwa kwa sauti ya chini, sikio hupoteza besi kwanza, na kwa kiasi fulani zile sauti nyembamba za juu kabisa, huku sehemu ya kati ikibaki. Ukipandisha, vilivyopotea vinarudi. Kwa hiyo plagini (programu ndogo ya kubadilisha sauti) yoyote inayoongeza sauti, hata kama haifanyi jambo lolote la maana, itakufanya uamini imetengeneza kitu. Ikwalaiza ukipandisha popote pale, sauti inaongezeka. Kompresa, kifaa cha kubana sauti kubwa, nayo ina kitufe cha kurudisha sauti iliyobanwa, na nyingi hurudisha kuliko kilichopotea.

Karibu kila ninachokijua kuhusu vifaa hivi viwili kimetokana na kukubali jambo hilo na kulijengea tabia. Kabla sijalinganisha, nasawazisha. Nashusha sauti ya kutoka mpaka plagini ikiwa imewashwa au imezimwa ujazo uwe uleule, kisha nafumba macho na kubofya ovyo, washa, zima, washa, mpaka nipoteze hesabu. Nikiwa bado macho yamefumba najiuliza ipi naipenda. Nisipoona tofauti, plagini inatoka. Mara nyingi inatoka.

Lakini hata tabia hiyo haitakusaidia kama chumba nacho kinakudanganya, na vyumba vyetu vinadanganya sana. Mimi nafanyia kazi chumba cha kupanga Mbagala, kuta za tofali za saruji, bati juu, ukubwa kama mita tatu kwa tatu. Hesabu yake ni rahisi. Sauti husafiri hewani mita 343 kwa sekunde; gawa kwa urefu wa chumba mara mbili, yaani 6, unapata hezi 57, yaani mitetemo 57 kwa sekunde. Wimbi la hezi 57 linaenea kati ya kuta mbili likienda na kurudi juu ya nyayo zake. Na kwa kuwa chumba ni mraba, kuta za upande wa pili nazo zina namba ileile, kwa hiyo tatizo linajirudia mara mbili. Bahati mbaya hapo hezi 50 hadi 60 ndipo inapokaa kiki, ule mdundo mzito wa ngoma ya chini, ya biti nyingi.

Ukitaka kulisikia, cheza kiki peke yake ijirudie, kisha tembea. Katikati ya chumba kabisa inakaribia kutoweka, unasikia kibao chake cha juu tu, ule mguso wa "tk". Rudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta, ileile inavimba mpaka dirisha linatetemeka. Sasa fikiria mtu aliyeweka meza katikati, anaona kiki haina uzito, anaipandisha desibeli sita. Wimbo ukifika kwenye bajaji unakuwa mngurumo mtupu. Hakuna ikwalaiza ya kuponya hilo, maana kosa haliko kwenye wimbo. Meza yangu niliisogeza, kichwa kikawa kama theluthi moja ya urefu kutoka ukuta wa mbele, na uamuzi wa besi nauthibitisha kwenye hedfoni, nikilinganisha na wimbo ninaoujua kama jina langu. Kuna watu wanabandika mablanketi na trei za mayai kila ukuta wakidhani wamemaliza. Blanketi linapunguza mwangwi wa sauti za juu, na hilo ni jambo zuri kwa kurekodi vokali. Ila wimbi la hezi 57 lina urefu wa mita sita. Halijui kama hapo ukutani kuna blanketi.

Nikirudi kwenye ikwalaiza: sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika kabla haijafunguliwa. Maiki nyingi tunazotumia nyumbani huongeza besi kadiri mdomo unavyozisogelea. Mwimbaji anayekula maiki anakuja na uvimbe wa hezi 150 hadi 250 ambao utahangaika nao wimbo mzima, kwa sababu kila akigeuza kichwa uvimbe unapungua na akirudi unaongezeka. Namweka umbali wa shubiri moja, mbele ya maiki pana soksi ya nailoni niliyoivuta kwenye waya wa henga kuzuia pumzi za "p" na "b". Nikitaka sauti nzito ya karibu, namsogeza. Nikitaka nyembamba, namrudisha. Hiyo nayo ni ikwalaiza.

Baada ya hapo vokali karibu zote naziondolea sehemu ya chini: kila kilicho chini ya hezi 80 kwa sauti ya kiume, na chini ya mia au zaidi kwa ya kike. Mwimbaji hana kitu huko. Waliopo ni feni, lori lililopita barabara ya Kilwa, na mvumo wa umeme, ambao hapa kwetu ni wa hezi 50 na una watoto wake, mitetemo ya juu inayozaliwa nao, kwenye 100 na 150. Hao watoto wanaangukia ndani ya sauti ya mtu, huwezi kuwakata bila kumkata na mwimbaji. Dawa yao mara nyingi ni kuchomoa chaja ya kompyuta na kurekodi kwa betri.

Kuna mbinu inayofundishwa kila mahali ambayo mimi siipendi: pandisha kilima kikali cha desibeli 12, kitembeze kutoka kushoto hadi kulia, panapochukiza kata. Tatizo ni kwamba ukipandisha desibeli 12 popote pale panachukiza. Mtu anatoka na mashimo saba kwenye sauti ambayo haikuwa na shida. Mimi nafanya kinyume. Nasikiliza kwanza mikono ikiwa mbali na mausi, mpaka niweze kuusema ubaya kwa Kiswahili cha kawaida. Imevimba? Naenda kati ya 150 na 300. Iko kama mtu anaimbia ndani ya pipa? Ni 300 hadi 600, na chumba changu cha saruji kinapenda sana hapo. Inatokea puani? Karibu na 1,000. Inachoma? Kati ya 2,500 na 5,000, mahali ambapo sikio ni jepesi kuliko pengine popote, kwa hiyo desibeli mbili za hapo ni nyingi. Nisipopata neno la kuelezea ubaya, huenda ubaya haupo na ninataka tu kushika kitu.

Neno likishapatikana, napunguza mbili, tatu, mara chache nne, kwa mkato mpana. Na sifanyi hivyo vokali ikiwa peke yake. Kitufe cha kusikiliza traki moja kina kazi yake, kutafuta kelele na mibofyo, lakini ukiamulia ikwalaiza humo kila kitu utakinenepesha. Gitaa likiwa peke yake unalitaka nene. Kinanda kikiwa peke yake unakitaka kinene. Ukiviweka pamoja vimejaa mlangoni kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni.

Hilo nililiona vizuri kwenye kazi ya kwaya. Mwalimu wa kwaya, mzee ninayemheshimu sana, alikuja kusikiliza miksi ya kwanza. Tukasalimiana, shikamoo mwalimu, marahaba kijana wangu, akakaa, akasikiliza hadi mwisho bila kusema neno. Kisha: "Sauti ya nne wako wapi? Nimewafundisha wiki nzima."

Walikuwepo. Kwenye skrini mawimbi yao yalikuwa makubwa kuliko ya sauti ya kwanza. Ila mkono wa kushoto wa mpiga kinanda ulikuwa umekaa juu yao, na gitaa la besi chini yao, wote wanagombea hezi 100 hadi 300. Ukiwapandisha wanaume, uzito unaongezeka lakini maneno hayatoki. Mbele ya mwalimu nikakata kinanda desibeli nne kwenye eneo la 200, kwa upana. Nao wanaume sikuwaongeza chini kabisa. Niliwaongeza desibeli mbili karibu na 1,800, kwa sababu mtu anayeimba besi husikika kwa konsonanti zake, besi yenyewe tayari sikio linaidhania. Nikashusha feda ya kundi lao ili jumla ibaki palepale. Mwalimu akasogea mbele ya kiti.

"Hao hapo. Umewapandisha?"

"Hapana, mwalimu. Nimewashusha kidogo."

Hakuamini, na sikumlaumu. Kwenye wimbo uliofuata nilikwenda kwa mpiga kinanda mwenyewe, nikamwomba kwenye kiitikio aondoe mkono wa kushoto kabisa. Hakuna ikwalaiza niliyowahi kutumia iliyofanya kazi nzuri kama ule mkono uliokaa mapajani.

Kompresa ni mnyama mwingine. Wengi wanaijua kama kitu cha "kuipa vokali nguvu", na hapo ndipo mtego wa sauti kubwa unanasa kirahisi zaidi. Inachofanya ni kushusha. Unaweka kizingiti, tuseme desibeli 18 chini ya sifuri (sifuri ndiyo ukomo wa juu wa sauti kwenye kompyuta), na uwiano, tuseme nne kwa moja. Mwimbaji akifika 10 chini ya sifuri, amevuka kizingiti kwa nane. Kompresa inamruhusu mbili, anatoka kwenye 16 chini ya sifuri. Desibeli sita zimekatwa. Ukirudisha sita kwa jumla, maneno makubwa yamebaki yalipokuwa na madogo yamepanda sita. Na vyote vidogo vimepanda pamoja nayo: feni, jogoo wa jirani, mate ya mwimbaji, mlango wa geti. Ndiyo maana vokali narekodi usiku, feni imezimwa, mwimbaji anatoka jasho, na tunaanza baada ya adhana ya isha, tukiombea mvua isipige bati.

Kwa nini basi nibane? Sababu yangu kubwa ni Kiswahili chenyewe. Mkazo wetu unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo silabi ya mwisho inaangushwa, na mwimbaji anayemaliza pumzi anaiangusha zaidi. Lakini huko mwishoni mwa kitenzi ndiko kuna habari. "Nimeacha" na "nimeachwa" vinatenganishwa na w moja kwenye silabi inayofifia, na kwenye wimbo wa mapenzi hiyo w ndiyo wimbo wote. Nikisikiliza vokali juu ya biti nasubiri mwisho wa kila mstari. Kama silabi ya mwisho inazama chini ya kinanda, hapo kuna kazi.

Hata hivyo siianzi na kompresa. Naipitia vokali mstari kwa mstari, napandisha silabi zinazozama na kushusha zinazoruka kwa mkono, moja moja. Inachosha, inakula saa nzima na zaidi, na hakuna mteja anayeiona. Kompresa haijui maneno. Inajua ukubwa tu. Ikimkuta msanii amepiga kelele kwenye "yeah" ya mwanzo itabana hapo, na neno linalofuata litabanwa nalo kabla haijaachia. Nikishasawazisha kwa mkono, kompresa inabaki na kazi ya desibeli tatu au nne, na hapo ndipo inasikika vizuri. Nikihitaji zaidi naweka mbili mfululizo. Wazungu wamefanya hivyo miaka mingi wakiwa na mashine za thamani: kompresa iitwayo 1176, iliyotoka mwaka 1967, inadaka vilele kwa kasi ya chini ya milisekunde moja, kisha LA-2A, ya taratibu, inasawazisha kilichobaki. Siku hizi plagini za kuiga zote mbili zinapatikana bure, lakini hata kompresa mbili za kawaida zilizokuja na programu yako zitafanya, moja ya haraka na moja ya polepole.

Malipo ya kubana ni "s". Vitenzi vyetu vya kufanyisha vimejaa: umenichosha, usinikumbushe, umenipoteza. Zile "sh" na "s" na "z" ziko kati ya hezi 5,000 na 9,000 na hazina ukubwa wa kuvuka kizingiti, kwa hiyo kompresa haizigusi, na ukirudisha sauti zinapanda. Vokali inaanza kuzomea. Diesa, plagini ya kushusha "s" tu, inasaidia, ila ikizidi msanii anakuwa na kithembe. Mimi nazishusha kwa mkono zile kumi au ishirini mbaya, diesa inapitia zilizobaki.

Kuhusu muda wa kompresa kushika (kuanza kubana) na wa kuachia, niliwahi kunakili namba za watu, mpaka nilipoanza kufanya singeli, muziki wetu wa mbio, ndipo nikaelewa zinatoka wapi. Chukua wimbo wa mwendo wa mapigo 95 kwa dakika. Gawa 60,000 kwa 95: pigo moja ni milisekunde 632. Kompresa ya kiki ikiachia kwa milisekunde 300, ina muda wa kupumua kabla ya pigo lingine. Sasa njoo kwenye singeli ya 240: pigo moja ni milisekunde 250. Kwa namba ileile ya 300 kompresa haijamaliza kuachia na kiki nyingine imeshafika, na nyingine, na nyingine. Sindano inashuka mwanzo wa wimbo na haipandi tena. Unadhani unabana kiki, kumbe umeshusha feda tu, kwa njia ya gharama. Kwenye singeli naachia kwa 60 au pungufu, au sibani kabisa. Muda wa kushika nao ni hivyohivyo: milisekunde moja inaua kile kichwa cha kiki, 20 au 30 inakiacha kipite kwanza kisha inabana mwili. Ukisikia ngoma zako zimelala, angalia hapo kabla hujagusa ikwalaiza.

Jambo la simu siwezi kuliruka, maana wasikilizaji wetu wengi wako huko. Spika ya simu haitoi kitu cha maana chini ya hezi 200 au 300. Besi ya hezi 50, hata uipandishe vipi, huko haipo. Utaharibu kwenye spika kubwa na simu isijue. Ninachofanya ni kuichafua besi kidogo kwa plagini ya kuongeza ukwaru, ili izae watoto wa 100, 150, 200 na kuendelea. Simu inatoa wale wa juu, na ubongo unaokota mwenyewe noti ya chini ambayo haikuchezwa. Tena, sawazisha kwanza: ukwaru unaongeza sauti, na utaupenda kabla haujastahili.

Mwisho wa kila kazi kuna swali lilelile. Wa karibuni alikuwa dogo wa singeli: "Kaka, mbona ya kwetu iko chini? Nikiiweka baada ya ngoma za wenzetu inapotea." Nikamweleza kwamba YouTube na Spotify huzishusha nyimbo zilizopigwa juu hadi karibu LUFS 14 chini ya sifuri (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima), kwa hiyo aliyejibana sana hupoteza uhai bila kupata ukubwa. Nikaushusha wimbo wa wenzao mpaka ukalingana na wake, nikamchezea yote miwili. Akasikiliza mara mbili.

"Ya kwetu ina kiki," akasema. "Sawa. Lakini kwenye kigodoro nani atashusha?"

Yuko sahihi. DJ wa kigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku, hasawazishi kitu, anaunganisha flashi na kuachia. Kwa hiyo sasa natoa faili mbili. Moja inapumua, ya kwenda mtandaoni. Nyingine inapita kwenye limita, kompresa kali ya kuzuia vilele, mpaka karibu LUFS 8 chini ya sifuri, kiki inapoteza ncha yake kidogo, na jina nimeliandika KIGODORO kwa herufi kubwa, ili mtu asije akaipandisha YouTube.